Masaru Furukawa: Mpiga mbizi aliyewafanya wakubwa wabadili kanuni

Wako watu ambao huvunja sheria, na sheria ikawaadhibu. Na wako wengine, wachache sana, ambao huifuata sheria neno kwa neno mpaka wenye kuitunga wakatahayari, wakaona hawana budi kukaa kitako na kuitunga upya. Masaru Furukawa wa Japani, ambaye leo nimekusudia kuwasimulia maisha yake, alikuwa katika kundi hili la pili. Hakuiba, hakudanganya, wala hakumsukuma mtu. Aliingia majini, akazama, akashinda. Na alipotoka na nishani yake ya dhahabu, mlango aliopitia ukafungwa nyuma yake.

Huenda msomaji akauliza, mtu wa mashairi na mambo ya kuogelea wapi na wapi? Jawabu langu ni kwamba mashindano ya kuogelea na utungaji wa mashairi ni watoto wa baba mmoja. Sisi watunzi tuna vina na mizani. Mtu aweza kuwa na maneno matamu kama asali na fikira pana kama bahari, lakini mizani ikipunguka moja tu, walio na masikio watasema hilo ni guni. Mwogeleaji naye yu vivyo hivyo. Aweza kuwatangulia wenziwe wote, lakini mguu mmoja ukipiga kinyume cha mwenziwe, mwamuzi huinua mkono na kazi yote ikapotea.

KANUNI ZA KIFUA

Ili tumfahamu marehemu Furukawa, kwanza tufahamu mtindo wake. Katika mashindano kuna mitindo minne: ule ulio huru ambao mtu huogelea apendavyo, ule wa chali, ule wa kipepeo, na ule wa kifua ambao miguu huenda kama ya chura. Huu wa kifua ndio wa kale zaidi na wa polepole zaidi, na ndio wenye masharti mengi kuliko yote.

Mwogeleaji wa kifua yampasa alale kifudifudi. Mikono yake miwili sharti iende pamoja, ifunguke pamoja na irudi pamoja. Miguu nayo ni hivyo hivyo: ikunjwe pamoja, na nyayo zigeukie nje wakati wa kusukuma. Mguu mmoja ukikatiza mwenziwe kama mkasi, mtu ametoka. Na afikapo ukutani, iwe ni kugeuka au kumaliza, lazima auguse kwa mikono yote miwili kwa wakati mmoja. Wengi huangukia hapo, kwa sababu mtu aliyechoka na anayeuona ushindi mbele yake hunyoosha mkono mmoja bila ya kujijua, kama vile mtu ashikaye ukingo wa mashua.

Masharti haya hayakutungwa ili kuwatesa watu. Yaliwekwa kwa sababu mtindo wa kifua, ukiachwa bila mipaka, hugeuka ukawa mtindo mwingine. Kila anayetaka kwenda mbio zaidi hutafuta upenyo, na maji ni kitu chenye siri nyingi.

MJI WA WAOGELEAJI

Furukawa alizaliwa tarehe 6 Januari 1936 katika mji wa Hashimoto, mkoa wa Wakayama, ulio kandokando ya mto Kinokawa. Si mji mkubwa, lakini Mungu aliujaalia waogeleaji. Mwaka huo huo, Furukawa akiwa mtoto wa miezi saba, binti wa mji huo aitwaye Hideko Maehata alishinda mita 200 za mtindo wa kifua katika Olimpiki ya Berlin. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa Japani kupata nishani ya dhahabu katika Olimpiki. Wajapani waliokuwa wakisikiliza redioni walimsikia mtangazaji wao akisahau kazi ya kutangaza, akawa anamhimiza binti huyo kwa jina lake mara baada ya mara, kana kwamba sauti yake itafika majini imsukume.

Kwa hivyo mtoto Furukawa alikulia katika mji ambao kuogelea kifua kulikuwa ni jambo la fahari. Mwana wa mvuvi hafundishwi bahari kwa vitabu, huikuta nyumbani.

Lakini utoto wake haukuwa wa raha. Vita vikuu vilipomalizika mwaka 1945 alikuwa na umri wa miaka tisa, na Japani ilikuwa imeshindwa, miji yake imeungua, na watu wake wamedhilika. Olimpiki ilipofanyika London mwaka 1948, Japani haikualikwa. Siku zile zile za London, Wajapani walifanya mashindano yao wenyewe mjini Tokyo, na kijana wao Hironoshin Furuhashi akaogelea mita 1,500 kwa muda mfupi kuliko yule aliyepewa dhahabu London. Hesabu yake haikutambuliwa na ulimwengu, kwa kuwa nchi yake ilikuwa nje ya shirikisho. Mwaka 1949 Japani ikarudishwa katika shirikisho la uogeleaji la kimataifa, lile lililoitwa FINA. Hata hivyo, Olimpiki ya Helsinki ya 1952 ilipita bila ya dhahabu moja ya kuogelea kwa Japani. Taifa lililozoea kutawala majini kabla ya vita lilikuwa lingali likingoja.

KIPEPEO ALIYEZALIWA KATIKA UPENYO

Hapa sina budi niwarudishe nyuma kidogo, kwa sababu hila ya Furukawa haikuwa ya kwanza katika mtindo huu. Miaka ya 1930 waogeleaji walisoma kanuni za kifua wakagundua jambo. Kanuni zilisema mikono iende pamoja, lakini hazikusema kwamba wakati wa kuirudisha mbele lazima ipite majini. Basi wakaitoa juu ya maji, wakairusha hewani kama mbawa. Hewa haina uzito wa maji, kwa hivyo mikono ilirudi upesi na mwili ukaenda mbio. Waamuzi walipekua vitabu vyao, wasione pa kumshika mtu.

Jambo likazidi. Katika fainali ya Helsinki mwaka 1952 mshindi wa mita 200 za kifua alikuwa John Davies wa Australia, kwa dakika 2 na sekunde 34.4, naye pamoja na wenziwe wote wa fainali waliirusha mikono hewani. Mtindo wa kifua wenyewe ulikuwa umekufa ndani ya mashindano yenye jina lake. Ndipo wakubwa wa FINA wakaamua kuwatenganisha ndugu hao wawili: kipepeo akapewa mashindano yake, na kifua kikarudishiwa kanuni zake za kale, mikono isitoke majini.

Kuna kichekesho kimoja ambacho siwezi kukiacha. Yule John Davies, aliyeshinda kwa kuijua herufi ya sheria, baadaye alisomea sheria hasa, akahamia Marekani na akawa jaji wa mahakama ya serikali kuu mjini Los Angeles. Yeye ndiye aliyesikiliza mwaka 1993 kesi ya polisi walioshtakiwa kwa kumpiga Rodney King. Labda bwawa la kuogelea ni shule ya mahakimu, wala sisi hatuna habari.

SIRI YA CHINI YA MAJI

Kipepeo alipoondoka, watu walidhani sasa mtindo wa kifua umetulia. Kumbe kulikuwa na upenyo mwingine, nao ulikuwa chini, si juu.

Msomaji wa pwani hahitaji kufundishwa haya. Mashua iendayo juu ya maji hulima mawimbi, na kila wimbi inalolilima ni nguvu iliyopotea. Mtu naye ni hivyo hivyo. Kichwa na mabega yakikata uso wa maji, hujitengenezea wimbi na wimbi hilo humzuia. Lakini akizama kiasi cha kutosha, maji humfunika na kumpitisha kama samaki. Tena mwogeleaji wa kifua kila anapoinua kichwa avute pumzi, nyonga hushuka na mwendo hukatika. Asiyeinua kichwa hakatiki mwendo.

Kanuni za wakati ule hazikuweka kipimo cha mtu kukaa chini. Aliyeweza kuzuia pumzi angeweza kwenda alivyotaka, mradi mikono na miguu yake ifuate masharti. Wajapani walilishika jambo hilo wakalifanyia mazoezi, na katika wao hakuna aliyelimudu kama Furukawa. Katika miaka ya 1954 na 1955, akiwa hajatimiza hata miaka ishirini, alivunja rekodi za dunia za mita 100 na mita 200.

Nawaomba wasomaji walizingatie hili, kwa kuwa ndilo lililomfanya Furukawa awe bingwa, asiwe mjuzi wa hila tu. Kuzuia pumzi peke yake si kazi kubwa; wapiga mbizi wa visiwa vyetu vya Lamu hushuka kutafuta kamba na hupanda na mawindo yao. Kazi ilikuwa ni kuzuia pumzi huku mikono na miguu ikitimiza kila sharti kwa usawa, pasiwe na mkono unaotangulia, pasiwe na bega linaloinama, pasiwe na mguu unaokwenda mkasi. Mtu aliyekosa hewa hupoteza adabu ya viungo vyake. Mwili humtaka atapetape. Furukawa aliufundisha mwili wake usitapetape.

Tulipokuwa chuoni, mwalimu alitufundisha kusoma na kutufundisha mahali pa kuvuta pumzi pia, kwa maana anayekata pumzi pasipo mahali pake huharibu alichokisoma. Furukawa naye alikuwa na vituo vyake. Pumzi yake ilikuwa na mahali pake, na mahali hapo palikuwa karibu na ukuta.

MELBOURNE, 1956

Olimpiki ya mwaka 1956 ilifanyika Melbourne, nchini Australia, kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi tarehe 8 Desemba. Kwetu sisi michezo hiyo ina kumbukumbu yake, kwa kuwa ndipo Kenya, ikiwa bado chini ya Mwingereza, ilipopeleka wachezaji katika Olimpiki kwa mara ya kwanza, na Nyandika Maiyoro akamaliza wa saba katika mbio za mita 5,000.

Zilikuwa siku za dunia kuchafuka. Majeshi ya Urusi yalikuwa yameingia Hungary, na katika bwawa lile lile la Melbourne timu za nchi hizo mbili zilipokutana katika mpira wa majini, mchezo uliishia kwa damu. Katika bwawa hilo ndimo Furukawa, kijana wa miaka ishirini, aliposimama ukingoni kwa fainali ya mita 200 za kifua.

Ilipolia bastola alijitosa, na watazamaji wakangoja kichwa kitokeze. Hakikutokeza. Wenziwe wakawa wanachomoza na kuzama, wanachomoza na kuzama, naye kivuli chake kinakwenda chini kama papa. Bwawa lilikuwa la mita 50, na ilipobaki kiasi cha mita tano afike ukutani ndipo alipotoka akavuta pumzi, akagusa kwa mikono miwili, akageuka, akazama tena. Safari ya pili ikawa kama ya kwanza, na ya tatu kama ya pili. Safari ya nne, ambayo ndiyo inayomaliza watu, aliogelea nusu yake chini na nusu juu. Mkipiga hesabu mtaona kwamba katika mita 200 alikwenda kiasi cha mita 160 akiwa amefunikwa na maji.

Alimaliza kwa dakika 2 na sekunde 34.7. Wa pili alikuwa Mjapani mwenziwe, Masahiro Yoshimura, sekunde mbili nyuma yake, na wa tatu Kharis Yunichev wa Urusi, sehemu ya kumi moja tu nyuma ya Yoshimura. Iliangalieni hesabu hiyo pamoja na ile ya Davies. Davies alipata 34.4 kwa kuirusha mikono hewani kama ndege. Furukawa alipata 34.7 bila ya kuitoa mikono majini hata mara moja. Alichonyang'anywa mtindo wa kifua kwa juu, yeye alikirudisha kwa chini.

Ilikuwa ndiyo dhahabu ya kwanza ya Japani katika uogeleaji tangu ile michezo ya Berlin ya 1936, mwaka aliozaliwa yeye, na kule Melbourne Japani haikupata nyingine majini. Taifa lililongoja miaka ishirini lilipewa na kijana wa miaka ishirini.

MLANGO UNAFUNGWA

Haukupita muda mrefu, wakubwa wa FINA wakakata shauri. Kuanzia sasa, wakasema, mwogeleaji wa kifua ataruhusiwa pigo moja tu chini ya maji baada ya kujitosa na baada ya kila kugeuka. Kisha sharti kichwa kiuvunje uso wa maji.

Sababu zao zilikuwa mbili. Ya kwanza ni usalama. Wengi walioiga mtindo huo hawakuwa na kifua cha Furukawa. Walikaa chini kupita uwezo wao, damu ikaishiwa na hewa, na wengine wakazimia ndani ya maji. Kuzimia huko ni jambo la hatari kuliko linavyodhaniwa, kwa sababu mara nyingi halina onyo. Mtu hujiona yu salama, kisha akapotea kama taa iliyozimwa. Sababu ya pili ni kwamba watazamaji waliokuja kuona mashindano waliona maji matupu, na mwamuzi aliyesimama ukingoni hakuweza kuona sawasawa kama miguu ilikuwa ikitii masharti au la.

Nini matokeo yake? Katika Olimpiki ya Roma mwaka 1960 William Mulliken wa Marekani alishinda kwa dakika 2 na sekunde 37.4, yaani nyuma ya Furukawa kwa karibu sekunde tatu. Dunia ilikuwa imerudi nyuma kwa amri. Lakini binadamu hazuiliki: mwaka 1964 mjini Tokyo, Ian O'Brien wa Australia alishinda kwa dakika 2 na sekunde 27.8, naye aliogelea juu ya maji kama ilivyoamriwa.

JE, ALIDANGANYA?

Hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Wako wanaosema kwamba ushindi wa Furukawa ni wa hila, na kwamba asingekaa chini asingeshinda. Mimi siafikiani nao. Mwenye kudanganya hujificha. Furukawa alijificha ndani ya maji, lakini si ndani ya sheria. Waamuzi walimwona, wakubwa walimwona, wapinzani wake walimwona, na kila mmoja wao alikuwa na ruhusa ya kuzama kama alivyozama yeye. Kilichowashinda ni pumzi.

Lakini pia siwalaumu walioubadilisha mchezo. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Sheria iliyompa Furukawa nishani ndiyo iliyowaweka wengine katika hatari ya kufa, na mchezo unaoua watoto si mchezo. Haki ilikuwa ni kumwachia yeye dhahabu yake, kwani aliipata kwa kanuni zilizokuwepo siku ile, na kuweka kanuni mpya kwa ajili ya kesho. Na ndivyo ilivyofanywa. Nishani haikuguswa, na mwaka 1981 jina lake likaingizwa katika Jumba la Watukufu wa Uogeleaji lililoko Marekani. Laiti mambo yetu mengi ya dunia yangaliamuliwa hivyo: anayeshinda kwa sheria mbovu asihukumiwe, bali sheria irekebishwe.

Wala kisa hakikuishia kwake. Mwaka 1988 mjini Seoul, Mjapani mwingine, Daichi Suzuki, alishinda mita 100 za chali baada ya kwenda sehemu kubwa ya mwanzo chini ya maji, akampita David Berkoff wa Marekani aliyekuwa bingwa wa mtindo huo huo. FINA ikaweka mpaka. Siku hizi mwogeleaji wa chali na wa kipepeo hawaruhusiwi kupita mita 15 kabla ya kichwa kutokeza. Na mwaka 2004 mjini Athens ukazuka ugomvi juu ya Kosuke Kitajima, bingwa wa kifua wa Japani, aliyedaiwa na Wamarekani kuwa alipiga miguu kama pomboo alipokuwa chini. Mwaka uliofuata kanuni ikaruhusu pigo moja la namna hiyo baada ya kujitosa na baada ya kugeuka. Mchezo hutunga kanuni, wachezaji hutafuta upenyo, kanuni hutungwa tena.

NENO KWA VIJANA

Marehemu Furukawa alifariki tarehe 21 Novemba 1993, akiwa na umri wa miaka 57. Sikumbuki bingwa mwingine ambaye kanuni zenyewe za mchezo zimekuwa ndizo kaburi na ndizo ukumbusho wake. Kila mwogeleaji wa kifua anayejitosa leo, akapiga pigo lake moja la chini kisha akatafuta juu, anatii amri iliyotolewa kwa sababu ya kijana wa Hashimoto.

Kwa vijana wetu wanaoshindana katika mabwawa ya shule na vilabu, nina nasaha tatu. Kwanza, someni kanuni nyinyi wenyewe, msingoje kusimuliwa, kwa maana zimebadilika na zingali zikibadilika. Aliyoyafanya Furukawa mwaka 1956 ukiyafanya leo utatolewa. Pili, fanyeni mazoezi ya kugusa ukuta kwa mikono miwili na ya kukunja miguu kwa usawa hata siku ambazo hakuna mwamuzi, kwa sababu mwili uliochoka hufuata mazoea, haufuati akili. Tatu, msishindane kuzuia pumzi, khasa mtu akiwa peke yake. Bahari yetu imewachukua wengi waliokuwa hodari wa kuogelea, na bwawa nalo huchukua.

Furukawa alizama akiwa na pumzi ya kumrudisha juu, na akiwa anajua sheria inamruhusu kufika wapi. Asiye na hayo mawili, heri abaki juu ya maji na wenziwe.